Ukitaka fedha za uzamivu Kanada, anza na msimamizi

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni mhadhiri msaidizi hapa Morogoro, nina shahada ya uzamili ya sayansi ya udongo. Nimeolewa na nina watoto wawili. Nimesikia serikali ya Kanada inawalipa wanafunzi wa uzamivu dola 40,000 kwa mwaka, na rafiki yangu ananisisitiza niombe ile inayoitwa Vanier. Kuna wakala hapa mjini anataka nimlipe ili anisajili. Nimeingia kwenye tovuti zao nikatoka nimechanganyikiwa zaidi. Je, mtu wa kwetu anaipata kweli? Naanzia wapi? Na familia yangu nitaifanyaje?"

Marahaba, dada yangu.

Nianze na wakala, maana fedha yako bado iko mkononi mwako. Usimlipe. Kuomba ufadhili wa masomo wa serikali ya Kanada hakuna ada hata senti moja, na hakuna mtu wa kati anayeweza kukusajili. Ombi linapita kwenye akaunti yako mwenyewe na kwenye chuo chako mwenyewe. Ada halali utakayokutana nayo ni ile ya kuomba kujiunga na chuo, ambayo kwa vyuo vingi ni dola mia moja na ushee, na zipo idara zinazoisamehe ukiomba mapema na kwa adabu. Kwa upande wa kibali cha kusoma, wanaoruhusiwa kukuwakilisha kwa malipo ni wanasheria na washauri wa uhamiaji waliosajiliwa Kanada. Mtu mwingine yeyote anayekutoza kwa kazi hiyo anavunja sheria ya huko, hata kama ofisi yake iko Morogoro.

Rafiki yako naye anakutakia mema, ila habari yake imepitwa na wakati. Vanier ilianzishwa mwaka 2008, ikapewa jina la Georges Vanier aliyewahi kuwa Gavana Mkuu, ikawa inalipa dola 50,000 kwa mwaka kwa miaka mitatu. Sisi wageni tuliipenda kwa sababu haikuuliza uraia wa mtu. Shindano lake la mwisho lilikuwa la 2024-2025. Bajeti ya shirikisho ya mwaka 2024 iliamua fungu hilo na mengine kadhaa yaliyokuwa yametapakaa yawekwe chini ya jina moja, Canada Graduate Research Scholarship, na tawi lake la uzamivu wenyewe hulifupisha CGRS D. Ndiyo hiyo ya dola 40,000 kwa mwaka uliyoisikia, na inalipwa kwa miezi 36. Ni dola za Kanada, si za Marekani, kwa hiyo unapopiga hesabu chukua kiwango sahihi cha kubadilishia.

Wanaoitoa ni mabaraza matatu ya utafiti ya serikali. NSERC linashughulikia sayansi asilia na uhandisi, SSHRC sayansi za jamii na fani za utu, CIHR afya. Wewe wa udongo unaelekea NSERC, lakini usikubali haraka. Kama utafiti wako unauliza fosforasi inatendaje ndani ya udongo, hapo ni NSERC bila ubishi. Kama unauliza kwa nini mkulima wa Uluguru anaijua mbolea fulani lakini hainunui, hilo ni swali la jamii na huenda mahali pake ni SSHRC. Nimeona andiko zuri likikwama kwa sababu lilipelekwa kwenye baraza lisilo lake, na mwenye andiko hakuwa na nafasi ya pili, kwa kuwa kila mtu anaruhusiwa ombi moja tu la ufadhili huu kwa mwaka wa masomo.

Sasa swali lako lenyewe: mtu wa kwetu anaipata? Ndiyo, anaipata, lakini si kwa mlango unaoudhania. Mwombaji asiye raia wala mkazi wa kudumu anatakiwa awe tayari amesajiliwa kwenye programu ya uzamivu katika chuo cha Kanada pale anapoomba. Na katika nafasi zote, zinazoweza kwenda kwa wanafunzi wa kimataifa haziruhusiwi kuzidi asilimia 15. Maana yake ni kwamba ukiwa Morogoro leo, huwezi kuiomba. Hapo ndipo wengi wetu tunapopoteza mwaka mzima: tunasoma masharti ya fungu ambalo zamu yetu bado, na muda huo huo hatujamwandikia mtu hata mmoja ambaye angeweza kutulipia.

Nikueleze fedha ya serikali inavyomfikia hasa mwanafunzi mgeni. Mabaraza yale yale matatu hutoa ruzuku za utafiti kwa maprofesa. NSERC lina ruzuku iitwayo Discovery Grant, ambayo kwa kawaida hulipwa kwa miaka mitano, na wahadhiri wengi wa sayansi wanaitegemea. SSHRC lina Insight Grant, na CIHR lina Project Grant. Ndani ya ruzuku hizo mna fedha za kuwalipa wanafunzi, na profesa hatazami pasipoti yako unapolipwa kutoka humo. Chuo nacho huongeza chake: posho ya idara, kazi ya kusaidia ufundishaji, wakati mwingine punguzo la ada. Vikijumlishwa hivyo ndiyo mnakuta barua ya kukubaliwa inayosema utapewa kiasi kadhaa kwa mwaka kwa miaka minne. Watanzania na Wakenya ninaowafahamu waliosoma uzamivu Kanada, karibu wote waliingia kwa njia hiyo. Wachache waliopata ufadhili mkubwa wa shirikisho waliupata wakiwa wameshafika, wameshaonekana kazini, na msimamizi amesimama nyuma yao.

Kwa hiyo unaanza na msimamizi. Tovuti ya ufadhili ije baadaye.

Kwa fani yako vyuo havijifichi. Saskatchewan na Manitoba vina idara kamili za sayansi ya udongo. Guelph, Alberta, British Columbia na kampasi ya Macdonald ya McGill vina watu wa udongo waliosambaa katika idara za kilimo na mazingira. Usichague chuo kwa ukubwa wa jina. Chukua makala tano au sita ulizozisoma sana wakati wa uzamili wako, uangalie waandishi wake wako wapi sasa na wanafunzi wao wa karibuni wanafanya nini. Halafu chagua watu wanane, wasizidi kumi na wawili, uwasome kweli.

Barua pepe ya kwanza ndiyo kazi ngumu kuliko zote, nami nitakaa hapo kidogo. Sisi tumefundishwa kuandika kwa heshima ya mzunguko: salamu ndefu, historia ya maisha, sifa kwa profesa, kisha ombi la ufadhili mwishoni. Kwa mtu anayepokea barua kama hiyo ishirini kwa wiki, zote zinafanana. Anachotafuta ni jambo moja: je, huyu ana swali linalokutana na langu?

Na wewe unalo, hata kama hujaliita hivyo. Chukua fosfeti ya Minjingu. Unajua kuliko mimi kwamba mwamba ule unatoka kule Manyara, kwamba unayeyuka vizuri katika udongo wenye tindikali na kwa shida sana katika udongo wa chokaa, na kwamba milima yetu yenye mvua nyingi ina udongo wa namna hiyo ya kwanza. Kwenu tatizo ni fosforasi isiyotosha, na hata ile iliyopo inashikwa na chuma na alumini mmea usiifikie. Kanada wana tatizo hilo hilo lililogeuzwa upande wa pili. Fosforasi ya mashambani inateremka hadi Ziwa Winnipeg na kulifanya kijani kwa mwani. Wanasayansi wao walilithibitisha jambo hili zamani: mwaka 1973, katika eneo la maziwa ya majaribio kaskazini-magharibi mwa Ontario, David Schindler na wenzake waligawa ziwa moja kwa pazia, upande mmoja wakatia kaboni na naitrojeni, upande wa pili wakaongeza na fosforasi. Upande wa fosforasi ukafunikwa na mwani. Profesa wa Manitoba anayehangaika na fosforasi inayotoroka shambani, na wewe unayehangaika na fosforasi isiyotaka kutoka kwenye udongo, mnasoma kemia moja. Aya tatu zinazosema hivyo kwa vipimo vyako mwenyewe kutoka tasnifu yako zitafunguliwa na kusomwa.

Basi aya ya kwanza iseme wewe ni nani na ulipima nini. Ya pili itaje kazi yake moja, kwa undani, na useme data yako inaongeza nini au inapingana nayo wapi. Ya tatu iulize kama anapokea mwanafunzi wa uzamivu kwa mwaka fulani na kama ana fedha za utafiti za kumlipa. Iulize hivyo hivyo waziwazi. Kanada kumuuliza profesa kuhusu fedha si utovu wa adabu, naye atakuheshimu kwa kuuliza. Ambatanisha wasifu wa kurasa mbili na transkripti. Asipojibu, subiri wiki mbili au tatu, umkumbushe mara moja. Kisha mwache, uende kwa mwingine, bila kuvunjika moyo. Mimi mwenyewe niliandikia watu kumi na mmoja, wakanijibu wanne, na mmoja ndiye aliyekuwa na fedha. Mmoja alitosha.

Andika kati ya Agosti na Oktoba. Maombi ya kujiunga Septemba inayofuata hufungwa na idara nyingi kati ya Desemba na Februari, na profesa akikutaka atakusukuma mwenyewe ndani ya kamati.

Ukipata barua ya ofa, isome kama unavyosoma mkataba wa kiwanja. Nina sababu ya kusema hivi. Barua yangu ilionyesha kiasi kikubwa cha fedha, nikaisaini siku hiyo hiyo kwa furaha, nikapiga simu nyumbani. Nilipofika ndipo nilipoona kwamba ada ya masomo, tena ada ya mgeni, ilikuwa inatoka ndani ya kiasi kile kile, na zaidi ya theluthi ilikuwa mshahara wa kusaidia ufundishaji unaokatwa kodi. Nililala kwenye sebule ya jamaa kwa miezi mitatu. Hakuna aliyenidanganya, yote yalikuwa yameandikwa, ila sikujua maswali ya kuuliza. Wewe uliza haya kabla ya kusaini: ada ni kiasi gani kwa mwaka kwa mtu asiye raia, na imo ndani ya hesabu hii au nje? Fedha hii imehakikishwa kwa miaka mingapi? Katika hiyo, kiasi gani ni ufadhili na kiasi gani ni kazi ya saa? Malipo ya kwanza yanaingia tarehe ngapi? Na hili wengi hulisahau: nikishinda ufadhili kutoka nje ya chuo, mtanipunguzia kiasi gani?

Tofauti ya ada pekee inaweza kukupa au kukunyima chakula. Chuo Kikuu cha Toronto, kwa mfano, tangu mwaka 2018 kinawatoza wanafunzi wengi wa uzamivu kutoka nje ada sawa na ya wenyeji. Vingine vinamtoza mgeni mara mbili au zaidi. Ofa ndogo yenye ada ndogo huizidi ofa kubwa yenye ada kubwa, na hesabu hiyo ni ya kalamu na karatasi tu.

Sasa tuseme umekubaliwa na unasafiri Agosti. Hapa ndipo CGRS D inapokuhusu, na kalenda yake ni katili kwa mgeni. Tarehe za mwisho za ndani ya vyuo huangukia Septemba na Oktoba. Wewe utakuwa bado unatafuta chumba, unafungua akaunti ya benki, unashangaa baridi ya asubuhi. Wenzako wenyeji walianza kuandika Juni. Kwa hiyo andiko lako liandike Julai, ukiwa bado nyumbani, kwa kushirikiana na msimamizi kwa barua pepe. Mwambie mapema kabisa kwamba unataka kuomba vuli hiyo hiyo. Waliokosa mwaka wa kwanza wakarudia mwaka wa pili ni wengi, na inaruhusiwa, ila kuna ukomo wa miezi ambayo mtu anaweza kuwa amekwisha kusoma uzamivu kabla hajaomba, kwa hiyo usiahirishe ukidhani mlango utakungoja.

Ombi linashindanishwa mara mbili. Kwanza ndani ya chuo, kwa kuwa kila chuo kina idadi yake ya maombi kinayoruhusiwa kupeleka juu. Kisha kwenye kamati ya kitaifa ya baraza husika. Majibu kwa kawaida hutoka Aprili. Mimi nimekaa kwenye kamati ya idara kwa miaka michache, nami nakuambia kilichotuangusha au kutuinua sisi tunaotoka kwetu.

Cha kwanza ni alama. Kwenye vyuo vyetu asilimia 70 ni A, na mwalimu anayetoa 85 anaulizwa maswali. Kanada asilimia 70 ni B, tena ya chini. Msomaji mwenye haraka akiona 72, 74, 71 kwenye transkripti yako anakuweka chini kabla hajageuza ukurasa. Hakikisha transkripti yako ina maelezo ya viwango nyuma yake, na mwombe anayekuandikia barua aseme wazi: katika chuo hiki 70 ni daraja la juu kabisa, na huyu alikuwa wa pili katika darasa la watu arobaini. Sentensi moja ya namna hiyo ina uzito kuliko ukurasa wa sifa. Hapa kwetu daraja la kwanza lenyewe halijielezi: GPA ya 4.5 kwa mizani ya 5 mtu wa Kanada anaweza kuisoma kwa mizani yake ya 4 akachanganyikiwa kabisa.

Cha pili ni hizo barua zenyewe, zinatakiwa mbili. Sisi tunapenda barua ya mkubwa. Tunamwendea mkuu wa kitivo, ambaye hakuwahi kusoma tasnifu yetu, anaandika kwamba huyu ni mchapakazi, mtiifu, mwenye tabia njema na anamcha Mungu. Ni maneno ya heshima na yametoka moyoni, lakini kamati ya Kanada haipati cha kushika. Inataka kusikia: aliniletea data ambazo hazikukubaliana na dhana yetu, nikamwambia arudie, akarudia mara tatu, akagundua kwamba kifaa cha kupimia ndicho kilichokuwa na kasoro, akabuni njia ya kurekebisha. Mtu anayeweza kuandika hivyo ni yule aliyekaa na wewe maabara, hata kama ni mhadhiri wa kawaida tu. Mwendee huyo. Mpe orodha fupi ya mambo uliyofanya mbele ya macho yake, kwa tarehe, ili akumbuke. Kumkumbusha mwalimu si kumfundisha kazi.

Cha tatu ni andiko la utafiti. Kurasa mbili zinatosha kwa sababu ndizo unazopewa. Kosa la wengi wetu ni kutumia ukurasa wa kwanza wote kueleza kwamba kilimo ni uti wa mgongo wa uchumi na kwamba idadi ya watu inaongezeka. Kamati inajua. Swali lako liwe limeshaonekana kabla msomaji hajafika katikati ya ukurasa wa kwanza. Sema utapima nini, wapi, kwa njia gani, na matokeo yakija kinyume utajua nini ambacho leo hakijulikani. Kumbuka pia kwamba wanaosoma si watu wa udongo wote. Mmoja anaweza kuwa mtaalamu wa misitu, mwingine wa samaki. Akifika mwisho bila kuelewa, hatauliza, atatoa alama ndogo.

Na usione haya kwa kuwa na makala chache zilizochapishwa. Mabaraza yote matatu yalisaini mwaka 2019 tamko la DORA, linalokataza kupima mtafiti kwa umaarufu wa jarida alilochapisha. Kazi yako ya ugani, semina ulizowapa wakulima, mwongozo wa Kiswahili uliouandika kuhusu chokaa na mbolea, mafunzo uliyowapa wanafunzi wa shahada ya kwanza: vyote hivyo vina mahali pake kwenye ombi, mradi ueleze vilileta nini. Na kama kulikuwa na miaka miwili ulinyamaza kwa sababu ya uzazi au kuuguza mzazi, kuna sehemu ya kueleza mazingira maalumu. Ijaze kwa ufupi bila kulalamika. Nimeona akina mama wakiiacha wazi kwa aibu, kisha kamati inaona pengo na kujijazia sababu zake yenyewe. Hilo huniuma kila mara.

Ukishinda, fedha inalipwa kupitia chuo, na unaweza kuanza Mei, Septemba au Januari. Ukiwa mwanafunzi wa muda wote, ufadhili wa masomo hautozwi kodi ya mapato, lakini bado unajaza fomu ya kodi kila mwaka kabla ya tarehe 30 Aprili, kwa sababu bila fomu hiyo kuna stahili hutazipata. Ukijifungua ukiwa kwenye ufadhili huu, kuna likizo ya uzazi ya kulipwa ya hadi miezi 12. Lakini rudi kwenye lile swali la kupunguziwa. Idara nyingi, mwanafunzi akileta dola 40,000 kutoka nje, huondoa posho yao au sehemu yake kubwa. Ni haki yao. Jadiliana nao kabla ya kukubali, siyo baada: wengine huacha nyongeza ya dola elfu kadhaa kama motisha, na wengine hukupunguzia saa za kufundisha, jambo ambalo kwa mama wa watoto wawili lina thamani kuliko fedha.

Ipo na mikoa. Ontario ina ufadhili wake wa dola 5,000 kwa muhula, yaani 15,000 kwa mihula mitatu, na nafasi chache zake ni za wanafunzi wa kimataifa. Quebec ina mfuko wake wa utafiti, FRQ, wenye mafungu ya wageni. Hapa nawataja pia wasomaji wa Bujumbura, Goma na Bukavu: maombi ya shirikisho yanaandikwa kwa Kiingereza au kwa Kifaransa, kwa haki sawa, na ninyi mliosoma kwa Kifaransa msijilazimishe kuandika kwa lugha ya tatu mkadhani ndiyo inayotakiwa. Tena wapo ndugu zetu wengi, Wakongo na Warundi, walioingia Kanada kama wakimbizi. Aliyekwisha kupewa hifadhi rasmi au ukazi wa kudumu anaomba pamoja na raia, nje ya ile asilimia 15. Nimekutana na kijana aliyekuwa anafanya kazi ghala la usiku, ana shahada ya uzamili, hajui kwamba anaruhusiwa. Mwambieni mnayemjua.

Kuna jambo jipya pia la kumuuliza msimamizi. Bajeti ya Novemba 2025 ilitenga dola milioni 133.6 kwa miaka mitatu kuwavuta wanafunzi wa uzamivu na watafiti waliokwisha kuhitimu uzamivu kutoka nje ya Kanada, chini ya mpango uitwao Impact+. Hiyo chuo ndicho kinachoomba, siyo wewe, na usalama wa chakula na maji umo kati ya maeneo yanayopewa kipaumbele. Katika barua pepe yako ya pili, si ya kwanza, muulize kama chuo chake kina nafasi hizo. Ni swali la mstari mmoja.

Mwisho ni familia. Tangu tarehe 1 Januari 2026 mwanafunzi wa uzamili au uzamivu katika chuo cha umma hahitaji tena ile barua ya uthibitisho ya mkoa iliyokuwa ikichelewesha watu, na serikali imeweka lengo la siku 14 kwa ombi la kibali la mwanafunzi wa uzamivu aliye nje ya nchi, pamoja na familia anayoambatana nayo. Ada ya kibali ni dola 150, na alama za vidole dola 85. Kikwazo kikubwa ni kuonyesha fedha za kujikimu: tangu Septemba 2025 ni dola 22,895 kwa mtu mmoja na 42,543 kwa watu wanne, nje ya Quebec, bila kuhesabu ada ya masomo. Barua yako ya ofa inakubalika kama ushahidi, ndiyo maana nimekusumbua sana uisome. Kama inatosha mtu mmoja lakini haitoshi wanne, tangulia wewe. Ni miezi ya upweke, siwezi kukuficha, na wanaotangulia hulia usiku. Lakini mumeo anaweza kuomba kibali cha wazi cha kazi kwa sababu wewe ni mwanafunzi wa uzamivu, na mshahara wake hata mdogo hubadilisha hesabu nzima ya nyumba.

Watoto wa shule wa mtu aliye na kibali kama chako kwa kawaida husoma shule za umma. Bima ya afya inategemea mkoa: Saskatchewan humwingiza mwanafunzi wa kimataifa kwenye bima ya mkoa, Manitoba iliacha kufanya hivyo mwaka 2018, na Ontario wanafunzi hulipia bima yao kupitia chuo. Ukishakaa Kanada miezi 18 mfululizo na kibali chako bado kiko hai mwezi wa 19, unaweza kuomba posho ya watoto ya serikali, ambayo mgeni haambiwi na mtu. Andika tarehe ya kuingia kwako kwenye daftari siku hiyo hiyo utakayotua, na ujaze fomu ya kodi ya mwaka wa kwanza hata kama hukupata kipato, maana posho hiyo inahesabiwa kutoka kwenye fomu yako na ya mumeo.